Ukuta wa Mama Una Kosa Gani?

Vijana wenzangu wa Ngara na Biharamulo, hebu tuambizane. Kijana akipata vijisenti, cha kwanza ni sebule: dari ya jipsamu, taa za rangi, karatasi ya kubandika yenye picha ya matofali. Picha ya matofali, juu ya matofali tuliyofyatua wenyewe!

Nami nimo. Mwaka jana nilimwambia mama aondoe ukutani vikapu alivyosuka mwenyewe, eti ushamba. Aliviondoa, hakusema neno. Masika hayohayo karatasi ikabanduka, ukungu tele nyuma yake.

Lakini vuka daraja la Rusumo, fika Nyakarambi, Rwanda. Kule akina mama huchanganya mavi ya ng'ombe na majivu, wakainua mistari ya pembepembe ubaoni, wakaipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ndiyo imigongo. Zamani ilipamba kuta za nyumba zao. Leo watalii wanainunua. Eti inanuka? Ikikauka hainuki, acheni uongo. Na ng'ombe sisi hatuna?

Karatasi nimeibandua. Vikapu mama alishampa jirani, na jirani hataki kuvirudisha: anasema vinapendezesha sebule yake.