Urafiki wa Mataifa Hauhesabiwi kwa Mistari

Siku hizi tunaonyeshwa kwenye kompyuta ramani za uhusiano wa kimataifa: kila nchi ni nukta, kila mkataba ni mstari, ukibonyeza Tanzania mistari inawaka. Wengi wanaamini kwamba nchi yenye mistari mingi na minene ndiyo yenye marafiki wa kweli. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi uko Mtwara.

Kwa hesabu hiyo, mstari wa Tanzania na Msumbiji ni mnene kama kamba ya nanga. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakafunzwa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, na nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC). Lakini Oktoba 2020 wanamgambo kutoka mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walivuka mto Ruvuma ulio mpakani, wakaingia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Unene huo ulimkinga nani? Kikosi cha SADC cha kupambana na wanamgambo hao kilianza kuingia Msumbiji Julai 2021, na hata hapo kilitanguliwa na wanajeshi na polisi 1,000 wa Rwanda, nchi isiyo mwanachama wa SADC wala isiyopakana na Msumbiji. Makubaliano ya Kigali na Maputo yalitosha.

Kosa kubwa zaidi ni nukta yenyewe. Eti Msumbiji ni mji mkuu wake, Maputo! Maputo iko kusini kabisa, jirani na Afrika Kusini. Kwa mtu wa Palma, mji wa Cabo Delgado, Mtwara iko karibu zaidi. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za Ruvuma, na mpaka waliokubaliana Wajerumani na Wareno mwaka 1886 haukuwazuia kuoana. Daraja la Umoja juu ya mto huo, lililofunguliwa mwaka 2010, liko Mtambaswala, mbali na pwani. Huku Kilambo, upande wa Tanzania karibu na bahari, maji yakipwa, mafungu ya mchanga huibuka katikati ya mto na kivuko husubiri maji yajae. Mama mwenye furushi la vitenge hapandi mkataba. Anapanda mtumbwi, kisha anakunja kanga na kushukia matopeni.

Hata wakuu wa polisi wa nchi hizi mbili, Novemba 2020, walikutana Mtwara, si kwenye miji mikuu, kukubaliana kuhusu ulinzi wa mpaka. Basi wachoraji waache kuunganisha ikulu na ikulu. Kilambo na Namoto, iliyo ng'ambo yake Msumbiji, ziwe nukta, Kitaya iwe nukta, na kila mstari uonyeshe nani anavuka, nani amezuiwa, na msaada ulichukua siku ngapi kufika.