Ukivaa katambuga, hata mtumba unanyimwa!

Najua wiki iliyopita niliwaahidi habari za wale mabinti wa Msamvu na mabuzi yao. Naomba radhi, itangoja. Kuna jambo limenikaa kooni, nisipolitema leo nitapasuka bure na umri wenyewe bado mdogo.

Nina mjomba. Wanaotujua sisi Waluguru wanaelewa uzito wa neno hilo. Kwetu ukoo unakwenda kwa mama, kwa hiyo mjomba siyo mtu wa kuja sikukuu na mkate halafu basi. Mjomba ndiye mwenye neno. Huyu wangu anakaa Nyandira, kule juu Mgeta, baridi ya makoti mawili, analima kabichi, karoti na njegere. Zile njegere mnazomwagia kwenye ubwabwa hapo mjini, mshikaji, kuna mgongo wa mtu ulizibeba kuteremka nazo bondeni.

Basi mjomba kajinyima miaka saba, kapata milioni 18. Anataka Noah. Si kwa kujidai. Anataka la kuteremsha mzigo mdogo hadi Moro na kubeba abiria siku za gulio, aache kuwabembeleza wenye magari. Akaniita mimi nimsindikize kwa sababu eti "mpwa wangu umesoma". Kusoma kwenyewe kidato cha nne, na matokeo naomba msiniulize.

Mwenyewe alikuwa ameshaonyeshwa Noah moja na dalali wa hapa hapa mjini. Fundi wake aliingia uvunguni, akatoka na mafuta usoni akasema ina kasoro mbili, zinatengenezeka. Mimi nikaruka juu. "Mjomba, madalali matapeli! Twende Dar, kwenye yadi ya kishua, yenye vioo na risiti." Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu, na mashahidi wapo.

Tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Moro Juni 2024. Mjomba kavaa koti lake la baridi na katambuga. Kwa wadogo zangu msiozijua, katambuga ni makubadhi yanayochongwa kwa tairi kuukuu la gari, imara kuliko raba zenu zote za Kariakoo. Nikamwomba abadili viatu. Akacheka: "Nakwenda kununua matairi manne. Nikifika nayo mawili tayari kuna ubaya gani?"

Jina la yadi nalihifadhi, mhariri hapendi kesi. Ila picha mtaipata: vioo kila upande, kiyoyozi cha kukufanya upige chafya, sakafu inang'aa mpaka unaona aibu zako zote. Kumbuka wanauza mitumba! Magari yaliyokwishatumiwa na mtu mwingine huko Japani, lakini wauzaji wanatembea kama wameyatengeneza wao wenyewe asubuhi hiyo.

Getini mlinzi akamtazama mjomba kuanzia chini kwenda juu, akasema, "Mzee, vibarua leo hatuchukui."

Nikajifanya sikusikia. Ndani kulikuwa na dada mmoja mezani, yuko kwenye simu anacheka. Akatunyooshea kidole viti vya pembeni. Tukakaa dakika arobaini, na sizidishi, saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Wakati huo huo akaingia jamaa na miwani ya jua, funguo zinaning'inia kidoleni. Weee! Kaletewa kahawa, kaletewa maji, kaitwa bosi mara sita. Alizunguka Harrier moja, akapiga nayo picha, akaondoka zake. Hakununua hata hewa ya tairi.

Hatimaye akaja kijana, suti ya kubana, umri kama wangu. Kwa mzee wa miaka sitini na ushee hakutoa hata shikamoo. "Mnasemaje?" Mjomba akaeleza taratibu, mwanzo mpaka mwisho: Mgeta, mlima, mzigo, abiria. Kijana akasema Noah ziko nyuma, "ila bei zetu siyo za minadani huko kwenu, sijui kama mtaweza."

Mjomba ni mtu wa shamba, na mtu wa shamba hanunui ng'ombe bila kumfungua mdomo. Akaomba mambo matatu. Kwanza, injini iwashwe ikiwa ya baridi. Akajibiwa imeshawashwa asubuhi. Pili, fundi aje aangalie uvungu. Akaambiwa mafundi wa nje ni marufuku, "gari la Japani halina mambo hayo, mzee". Tatu, aliendeshe hadi kwenye kilima chochote. Akaruhusiwa kuzunguka ndani ya uzio, mizunguko miwili, gia haikutoka kwenye ya kwanza. Mimi nami nikachomekea la kwangu, nikauliza karatasi ya mnada. Kijana akanitazama kama nimetukana. "Hiyo ni siri ya kampuni."

Mjomba akasimama. "Mpwa wangu, twende zetu."

Na hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Yule dada wa simu alikuwa ameacha kucheka na simu, sasa anatucheka sisi. Mlinzi anachungulia dirishani. Nikahisi nchi nzima inasema, si tulijua, hawana hela hawa. Nikamvuta mjomba mkono, nikamnong'oneza, "Mjomba, hawa ni kampuni, siyo madalali. Lipa waone." Waone! Mzee kanitazama, kakaa chini, kalipa kwa benki milioni 17 na laki nane. Kijana wa suti ndipo akapata meno ya kutabasamu.

Nimelifikiria sana jambo hili, jamani, na nimegundua dharau ile siyo tabia mbaya tu ya vijana wasiolelewa. Ni mbinu ya biashara. Ukishadharauliwa, unaogopa kuuliza usionekane mshamba, na mwisho unalipa ili kununua heshima. Gari unapewa kama nyongeza. Dalali wa kijiweni hana vioo vya kukutisha, ndiyo maana anakuacha ulale chini ya gari kutwa nzima.

Mjomba mwenyewe anasema mambo haya ni ya zamani. Enzi za Ujamaa gari jipya lilipitia shirika la umma, State Motor Corporation, na bila kibali hulioni hata kwa ndoto. Muuzaji alikuwa anakufanyia hisani. Kuanzia 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize mwenyewe, mitumba ikaanza kumiminika. Ila wauzaji wengine, anasema, waliruhusiwa kuuza na hakuna aliyewaambia hisani imekwisha.

Tuendelee na Noah. Barabara ya lami ya Iringa ilikwenda kama malaika. Tukakata Sangasanga, tukapita Mlali, raha mustarehe, mjomba anapiga mluzi. Kupanda kulipoanza, kabla hata ya kufika Langali, sindano ya joto ikaanza kupanda kuliko sisi. Mara mvuke. Mara harufu. Mara kimya. Tuko ukingoni mwa korongo, mimi, mjomba, mama mmoja tuliyempa lifti na kuku wake watatu. Yule mama alishuka, akatupa pole, akaendelea kwa miguu na kuku wake. Alifika kabla yetu. Alifika jana yetu, maana sisi tulilala pale.

Gari likavutwa hadi gereji moja Kihonda. Fundi akafungua kifuniko cha oili, akatuita: imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji na oili vimechanganyika, gasketi ya silinda hedi imekwisha. Rejeta imejazwa dawa ya kuziba matundu. Kwa mizunguko miwili ya ndani ya uzio ungejuaje?

Halafu akafungua mlango wa dereva, akaonyesha stika ndogo kwenye fremu, imeandikwa Kijapani. Akasema wenzetu wakibadilisha oili hubandika hapo tarehe na kilometa. Kijapani sijui, lakini tarakimu nimesoma shuleni. Stika inasema 151,000. Dashibodi inasema 68,000. Gari hili lilikuwa linarudi nyuma kwa miaka kadhaa, wapenzi wasomaji, na hakuna aliyetuambia.

Fundi alinipa darasa ambalo ningelipata kabla ya safari tungekuwa na milioni zetu. Japani gari dogo jipya linakaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo wanauita shaken na ni ghali, kwa hiyo wengi wanaona bora kuuza. Magari yanapelekwa mnadani, na pale wakaguzi wanalipa kila gari alama kwenye karatasi: 4 na 4.5 ni zuri, 3 limechoka, R ni lile lililogongwa likanyooshwa. Ndiyo ile karatasi niliyoambiwa siri ya kampuni. Kuna na cheti cha kulitoa gari Japani, ambacho nacho huonyesha kilometa za ukaguzi wa mwisho. Yadi inayokwambia haina vyote viwili, na wewe mwambie huna hela. Na wakikupigia kelele kwamba bei iko juu sababu ya kodi, TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, unaingiza aina ya gari na mwaka, unaona kodi yenyewe kabla hujafunga mkoba.

Kuna msomi wa Marekani, George Akerlof, aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari ya mitumba. Alisema muuzaji anajua ubovu, mnunuzi hajui, basi mnunuzi anaogopa na hataki kutoa bei nzuri, mwenye gari zuri anaona hasara kuliuza, soko linabaki na vimeo. Mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi, yeye na wenzake wawili. Mjomba nilipomsimulia akauliza, "Wamempa hela kwa hilo tu?"

Basi tukaanza kupiga simu yadi. Siku ya kwanza meneja yuko kikaoni. Ya pili yuko safarini. Ya tatu yuko kikaoni safarini. Nikaenda mwenyewe. Kijana wa suti kanionyesha maandishi chini ya risiti, madogo kama sisimizi: mali ikishauzwa hairudishwi. Akaongeza, "Na nyie mmepandisha gari la mjini milimani." Wakati mzee alimweleza mlima wote, kona kwa kona!

Nilirudi Moro nalia, sifichi. Aliyeniokoa ni shoga yangu anayesomea sheria Mzumbe. Akaniambia, acha kulia, kaa uandike. Kuna Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na kuna Tume ya Ushindani, FCC, ya kupokea malalamiko. Kuna na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa, na ukategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Yale maandishi ya sisimizi, akasema, hayamfanyi mtu aruhusiwe kudanganya kilometa.

Tukaandika barua ukurasa mmoja. Tukaambatanisha risiti, maelezo ya fundi, picha ya dashibodi na picha ya stika. Chini kabisa tukaweka: nakala kwa FCC. Nikaipeleka yadi kwa mkono, nikagoma kuondoka mpaka nakala yangu igongwe muhuri. Dada wa simu aligonga huku akinuna.

Siku ya tatu simu ikaita. "Habari za huko milimani, mzee wangu? Shikamoo." Meneja karudi safarini!

Tulikwenda tena, mjomba na koti lake na katambuga zake zile zile, safari hii sikumwambia abadili. Mlinzi alifungua geti lote. Tukapelekwa ofisi ya ndani, viti vya ngozi. Fedha hawarudishi, walisema, lakini injini nyingine watanunua wao, na ufundi na gharama za kulivuta watalipa. Mjomba akataka iandikwe. Ikaandikwa. Akataka isomwe kwa sauti. Kijana wa suti akasoma, jasho linamtoka ndani ya kiyoyozi. Akaulizwa na mjomba kama injini hiyo nayo inakuja na stika yake, kimya.

Tukaletewa soda mbili za baridi kwenye sinia. Mjomba akaishika ya kwake, akaigeuza, akaangalia chini ya chupa, akaangalia kizibo, kisha akamtazama meneja.

"Hii nayo," akauliza, "mmeifungua asubuhi?"