Rubani wa kompyuta, anza na ndege itakayokusamehe

MPWA wangu aliye mwaka wa pili katika chuo kikuu alinipigia simu saa tano za usiku, Jumamosi moja mwezi uliopita, akitaka nimkopeshe Sh6,000. Nilishtuka. Mara ya mwisho kijana huyu kuniomba pesa usiku alikuwa amelazwa akiugua malaria. Nikamwuliza kulikoni.

"Sina neno, mjomba," akanijibu. "Nataka kununua ndege."

Ndege yenyewe, msomaji, ni ya kwenye kompyuta. Kuna michezo ambamo watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja akiwa ameketi kwao, hukutana katika anga moja kupitia kwa intaneti, wakaendesha ndege za Vita vya Pili vya Dunia na kudunguana. Miongoni mwa ile inayojulikana sana ni IL-2 Sturmovik, ambao ulitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na War Thunder, uliofunguliwa kwa umma mwaka 2012. Huu wa pili huingii kwa kulipa. Anayeanza hupewa vindege dhaifu vya miaka ya 1930, kisha hupanda ngazi kwa kucheza. Asiye na subira huweza kufungua mfuko akauziwa ndege ya nguvu siku hiyo hiyo.

Mpwa wangu alikuwa amepoteza subira. Jioni ile pekee alikuwa ameangushwa mara 17, na mwenzake wa bwenini alikuwa amemshawishi kwamba akipata Mustang mambo yatabadilika. Nilipomwuliza deni hilo atalilipa kwa nini, akasema kwa posho ya mwezi uliofuata. Sasa posho hiyo naijua itokako. Hutoka kwenye kibanda cha dada yangu pale Gikomba, shati moja baada ya jingine, nayo ndiyo inayomnunulia kijana chakula. Nikamwambia aje kwangu Jumapili na kompyuta yake, na kwamba baada ya wiki mbili, ikiwa bado ataitaka Mustang, nitamnunulia mimi na wala hatanilipa.

Nakiri kwamba sikuwa natoa ahadi gizani. Michezo hii nimeicheza miaka mingi, na nywele zangu za mvi mke wangu huzihesabu upande huo.

Alipofika nilimwacha acheze nikamtazama tu. Aliruka, akamwona adui, akamwelekea moja kwa moja, na yule alipokata kona naye akavuta fimbo kwa nguvu zote kumfuata. Ndege ikapunguza mwendo, bawa moja likalala, ndege ikaanza kujizungusha kama jani la mwembe, na hapo ikawa ni kuisubiri ardhi. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Kati ya vifo vyake 17, sidhani kama maadui walihusika na nusu.

Nikamweleza jambo ambalo laiti ningelielezwa mimi nilipoanza. Angani kimo ni akiba iliyo benki, na mwendo ni pesa taslimu mfukoni. Ukiteremka unatoa akiba na kuipata taslimu; ukipanda unaiweka tena. Kila kona kali unayokata ni matumizi. Anayevuta fimbo muda wote ni kama mtu anayeingia dukani mwisho wa mwezi bila karatasi ya hesabu, na bawa lisilo na mwendo hewa hulikataa kulibeba. Kwa hiyo ndege ya kwanza iwe ile ambayo matumizi mabaya hayaiui papo hapo. Iwe inakuonya kabla ya kuanguka, inastahimili risasi kadhaa, na kutua nayo si mtihani wa kitaifa.

Mustang haimo katika kundi hilo, ingawa sifa zake ni za kweli. Mwaka 1944 ndiyo iliyozisindikiza ndege za Marekani za kuangusha mabomu kutoka Uingereza hadi Berlin na kuzirudisha. Ili ifike huko, tangi la lita zaidi ya 300 liliongezwa nyuma ya kiti cha rubani. Tangi hilo likijaa ndege huwa nzito nyuma, na anayekata kona kwa pupa huweza kushtukia imemgeukia. Marubani wenyewe walijitahidi kuyapunguza mafuta hayo kwanza, kabla ya kukutana na adui. Isitoshe, bawa lake limechongwa kwa ajili ya mwendo. Mustang hushinda kwa kutoka juu, kupiga mara moja na kwenda zake. Kijana anayejua kuzunguka tu ataangushwa ndani yake kama alivyoangushwa ndani ya nyingine, tofauti ikiwa ni Sh6,000.

Mtego wa pili ni ndege ya Kijapani iitwayo Zero, nao ni mbaya zaidi kwa sababu mwanzoni huonekana kama jibu. Ni nyepesi na hukata kona kama mwewe juu ya vifaranga, hivi kwamba siku ya kwanza mgeni hupata ushindi wa bure. Lakini wepesi huo ulinunuliwa kwa bei kali. Zero nyingi hazikuwa na bamba la kumkinga rubani wala matangi yenye uwezo wa kujiziba yakitobolewa, basi risasi chache zinatosha kuzitia moto. Tena ikienda kasi sana fimbo huwa nzito kama mwiko uliokwama katika sima. Waamerika waliyathibitisha haya mwaka 1942 walipoipata Zero moja isiyoharibika sana katika kisiwa cha Akutan huko Alaska, wakaitengeneza na kuirusha. Marubani wao wakafundishwa wasizunguke nayo hata kidogo, bali wapige mbizi waachane nayo. Utakaokutana nao mtandaoni wameisoma habari hiyo zamani.

Kuhusu Spitfire najua nitagombana na wengi. Ni ndege tamu, na kwa kona zake mgeni anaweza kuipenda mara moja. Hata hivyo fimbo yake ni nyepesi mno kwa mkono usiozoea, na miguu yake ya kutulia imekaribiana. Zile za mwanzo zina kasoro moja ya kuchekesha: ukiusukuma mdomo wa ndege chini ghafla, injini inakohoa na kukatika kwa sababu mafuta hayafiki yanavyotakiwa. Wajerumani, ambao injini zao zilipigiwa mafuta kwa pampu, waliitumia nafasi hiyo kupiga mbizi na kutoroka. Mhandisi mmoja wa kike wa Uingereza, Beatrice Shilling, ndiye aliyepunguza tatizo hilo mwaka 1941 kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu. Katika michezo inayofuata uhalisia kasoro hiyo imewekwa, nayo imewaaibisha wengi. Messerschmitt Bf 109 ya Ujerumani sitaisemea sana. Miguu yake ni myembamba na huvutwa upande mmoja inapoanza kukimbia, na nimewaona wageni wakiiangamiza kabla hata hawajaiacha ardhi.

Mimi nilimpa mpwa wangu Hurricane. Alikunja uso. Kweli, haina sura ya kutia kwenye fulana. Iliruka mara ya kwanza Novemba 1935, na sehemu yake ya nyuma ni mabomba ya chuma yaliyofunikwa kwa kitambaa. Lakini kitambaa hicho ndicho raha yake, kwani risasi nyingi hupita upande huu na kutokea ule bila kugusa kitu cha maana. Bawa lake ni nene, hukata kona ndogo kuliko Messerschmitt, na likikaribia kuchoka hutetemeka kwanza likuonye. Miguu yake imetanuka kama ya mtu aliyesimama katika matatu bila kushika chuma. Katika vita vya anga ya Uingereza vya mwaka 1940 Hurricane zilikuwa nyingi kuliko Spitfire, na ndizo zilizodungua ndege nyingi zaidi za adui, ijapokuwa mwenzake ndiye aliyebaki na jina.

Ina kasoro mbili ambazo ni walimu. Ni ya polepole, kwa hiyo adui akitaka kuondoka huwezi kumzuia. Hilo litakufundisha kupanda juu mapema na kugeuza shingo kutazama nyuma. Tena bunduki zake nane ni za risasi ndogo. Ukifyatua ukiwa mbali unapoteza risasi bure. Usogee mpaka ndege ya adui ijaze kioo, yapata mita 200, ndipo ubonyeze, na kwa muda mfupi. Kijana aliyefundishwa kungoja hivyo, ukimpa siku moja ndege yenye mizinga atakuwa hatari.

Anayependelea upande wa Marekani apande polepole hadi afikie Hellcat. Hii iliundwa kwa ajili ya vijana waliotoka mafunzoni juzi, ambao walipaswa kutua juu ya meli inayoyumba baharini. Injini yake ni ya nguvu-farasi 2,000, bunduki zake ni sita nzito, nayo hustahimili kipigo cha ajabu. Zilitengenezwa 12,275, na marubani wake wanahesabiwa kudungua ndege zaidi ya 5,000. Ingekuwa inapatikana siku ya kwanza ningeitanguliza mbele ya Hurricane.

Hurricane yenyewe si ngeni kwetu. Mwaka 1940 na 1941 marubani wa Afrika Kusini walizirusha kutoka hapa Kenya kupigana na Waitaliano. Na yuko mtu mmoja ambaye kisa chake nilimsimulia mpwa wangu tukinywa chai. Roald Dahl, yule aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam vita vilipozuka mwaka 1939. Aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Hawakumpa ndege ya kivita. Walimpa Tiger Moth, kindege cha mabawa mawili kila upande na kisichokuwa na bunduki, naye aliruka peke yake baada ya mafunzo ya saa saba na dakika 40. Baadaye, Aprili 1941, alitupwa katika vita vya Ugiriki ndani ya Hurricane akiwa hajaizoea, na kuna marafiki aliowaacha huko. Yeye hakuwa na kitufe cha kuanzia upya. Mpwa wangu alinyamaza kidogo hapo, na mimi sikuongeza neno.

Tukapatana masharti. Hurricane tu, wiki mbili, na asiiache hata akichekwa. Akiruka, asiende kwa adui. Apande kwanza kando, kisha ndipo aelekee vitani. Asijaze matangi, maana safari nyingi humalizika ndani ya nusu saa na mafuta ya ziada ni mzigo. Asimfuate adui mpaka chini kwenye miti, kwa sababu aliye chini hana akiba tena. Na sharti lililomuudhi zaidi: asihesabu alioangusha, ahesabu mara alizorudi nyumbani na kutua. Vyombo havina haja ya kuwa ghali. Katika War Thunder kuna ngazi tatu za ugumu, na katika mbili za kwanza kipanya cha kawaida kinatosha. Fimbo maalumu utaitamani utakapofika ya tatu.

Kwa wazazi wenye watoto wadogo kuliko huyu wangu, nina mawili ya haraka. Zimeni sehemu ya mazungumzo, kwa kuwa watu wazima wa nchi za mbali humo hutukana kama makuli. Na kadi ya benki au namba ya siri ya M-Pesa isikae karibu na mchezo wowote unaouza vitu. Saa za kucheza pangeni wenyewe, mnawajua wenu.

Juma la kwanza sikusikia kitu. Dada yangu pekee alinipigia kuuliza mtoto wake ana nini, maana alikuja nyumbani akawa anazungumza juu ya kimo na akiba mezani, na yeye akadhani amejiunga na chama cha ushirika. Juma la pili, usiku wa Alhamisi, tena saa tano, simu ikalia.

"Mjomba, nimetua!"

Hakuwa amemdungua mtu. Alikuwa amefukuzwa na wawili, bawa la kushoto likatobolewa, injini ikawa inavuja, naye akapiga mbizi kuelekea kwao, akajificha nyuma ya kilima na kufika uwanjani propela ikiwa imesimama. Alinisimulia kwa dakika 20, na alipomaliza alitaka kujua kwa nini risasi zake hupita nyuma ya adui anayekata kona. Nikamwambia aje Jumapili nimwonyeshe mahali pa kulenga.

Mustang hakuitaja. Aliniomba Sh200 za bando, nikampa.