Kisiwa Nacho Hushuka

Tukizungumzia visiwa vinavyozama, lawama zote tunaitupia bahari: barafu inayeyuka, maji yanapanda, nchi inamezwa. Ni kweli, lakini kisiwa nacho hushuka. Toleo hili tumelitenga kwa upande huo unaosahaulika, na ushahidi wake uko jirani kabisa, Mayotte, katika visiwa vya Komoro.

Mei 2018 ardhi ya Mayotte ilianza kutetemeka, na mitetemo ikaendelea mwezi baada ya mwezi, watu wasijue chanzo. Mwaka mmoja baadaye meli ya utafiti, Marion Dufresne, ilipima sakafu ya bahari kilomita 50 mashariki ya kisiwa, ikakuta mlima ambao haukuwapo katika vipimo vya 2014: volkano ya kimo cha mita 800 hivi, imesimama penye kina cha mita 3,500. Leo inaitwa Fani Maoré. Magma iliyoijenga ilitoka kilindini, na ardhi iliyokuwa juu yake ikabonyea. Vituo vya GPS vilionyesha Mayotte ikisogea mashariki na kushuka, kwingine kwa sentimita 15 hivi. Bahari za dunia hupanda milimita tatu hadi nne kwa mwaka. Yaani kisiwa kilipoteza kwa muda mfupi kile ambacho maji yangekichukua kwa miaka 40, na mwenye nyumba ya ufukweni huliona hilo wakati wa bamvua.

Hata bila mlipuko, visiwa vya volkano hudidimia, kwa kuwa sakafu inayovibeba hupoa na kulemewa na uzito wao. Charles Darwin aliuona udidimiaji huo kwenye matumbawe, ambayo hukua kwenda juu kisiwa kinaposhuka, na kuuchapisha 1842. Huko Komoro unauona kwa macho: kisiwa cha Ngazidja ni kichanga, volkano yake, Karthala, ingali hai, na matumbawe ya kisiwa ni utepe mwembamba uliogandamana na pwani; Mayotte ni kongwe, na mwamba wake umejitenga mbali na nchi kavu, ukizingira maji mapana yaliyotulia. Matumbawe yasipomudu kasi ya kushuka, mlima huzama mzima.

Kwa hiyo tunazitaka serikali za visiwa na za pwani yetu ziweke kituo cha GPS kando ya kila kipimo cha maji kujaa na kupwa. Kipimo cha maji peke yake hakisemi kama bahari imepanda au gati limeshuka, na kuta za bahari zinajengwa kwa tarakimu za kipimo hicho.