Kompyuta ya Kwanza ya Gemu: Pesa Iende Wapi?

Leo naziweka kando habari za presha na chanjo, tuzungumzie jambo linalozua ubishi katika nyumba zetu nyingi. Kijana anataka kompyuta ya kuchezea gemu, na mzazi anaona mamia ya pauni yakiteketea.

Nianze kwa kumtetea kijana. Mtoto aliyehamishwa nchi akiwa na miaka 14 hana tena uwanja wa mtaani wala jirani wa kumgongea mlango. Wenzake wa darasani hukutana jioni mtandaoni, wakacheza na kupiga soga. Asiyekuwepo jioni, kesho yake hana la kuchangia. Mpwa wangu ninayeishi naye hapa Uingereza alipitisha muhula mzima bila kutaja jina la rafiki hata mmoja. Ombi lake la kompyuta nililisikia kwa sikio hilo.

Mzazi naye nimtetee. Pesa ya zamu za usiku ina wenyewe: kodi ya nyumba, gesi ya majira ya baridi, na dawa za bibi nyumbani ambazo haziwezi kusubiri. Basi tafuta kiasi ambacho hakigusi pesa ya bibi, kiandike kwenye karatasi, na kisipande. Duka likikushawishi ulipe kidogo kidogo kwa mwaka mzima, kumbuka kwamba deni nalo lina zamu zake.

Wodini hatuandiki dawa kabla ya kumsikiliza mgonjwa. Muulize kijana: unacheza gemu gani, na kwenye skrini gani? Minecraft na Fortnite hazidai mashine kubwa. Gemu mpya zenye picha nzito ndizo zinazodai. Skrini ya kawaida ina nukta 1920 kwa 1080. Skrini ya 4K ina nukta mara nne ya hizo, na zote lazima zichorwe upya makumi ya mara kila sekunde. Kwa bajeti ndogo, baki kwenye skrini ya kawaida. Uamuzi huo mmoja unapunguza gharama ya karibu kila kitu kinachofuata.

Sisi tulipanga pauni 600 bila skrini, na fungu kubwa, kama theluthi moja, likaenda kwenye kadi ya grafiki, kwa kuwa ndiyo inayochora picha. Radeon RX 6600 yenye memori ya GB 8, iliyotoka mwaka 2021, bado inatosha kwa skrini ya kawaida. Ukiongeza kidogo, Intel Arc B580 ya mwishoni mwa 2024 ina GB 12.

Prosesa ni ubongo unaoipa kadi kazi. Hapa vijana wengi hudanganywa na majina makubwa. Ryzen 5 5600 yenye kori sita inaitosha kabisa kadi kama RX 6600, na pesa ya prosesa ghali zaidi ingefaa iende kwenye kadi. Angalia pia herufi: prosesa za Intel zenye F mwishoni hazina grafiki za ndani, kwa hiyo bila kadi hutaona kitu kwenye skrini.

Ubao mama, ule ambao mafundi huuita mazabodi, lazima ulingane na prosesa. Ryzen 5 5600 hukaa kwenye soketi ya AM4, inayotumia RAM ya DDR4. AM5, iliyokuja mwaka 2022, hutumia DDR5 peke yake. AM4 ni nafuu leo, AM5 itakupa nafasi ya kubadilisha prosesa miaka ijayo. Bei za RAM zilipanda sana mwishoni mwa 2025, kwa hiyo linganisha jumla ya vitu vyote vitatu, si bei ya ubao peke yake.

RAM ya GB 16 inatosha kuanzia. Nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, maana viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa pamoja. Kwa kuhifadhia, SSD ya TB 1: gemu moja kubwa huweza kula zaidi ya GB 100.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu pawa saplai. Haionekani, haiwaki taa za rangi, na kijana hataitaja. Lakini umeme wote hupita hapo, na ikiharibika vibaya inaweza kuondoka na vingine. Chukua ya wati 550 kutoka kampuni inayojulikana, yenye dhamana ya miaka kadhaa. Prosesa, RAM na kasha vya mtumba havinisumbui. Kadi ya mtumba nainunua nikiiona ikifanya kazi. Pawa saplai ya mtumba, hapana.

Jihadharini pia na kompyuta za ofisi zilizotumika zinazouzwa rahisi. Nyingi zina kasha jembamba lisilopokea kadi ya kawaida, na pawa saplai isiyo na waya wa kuilisha. Uliza kabla ya kulipa.

Walioko Marekani wanaofikiria siku moja kuipeleka mashine nyumbani, someni kibandiko cha pawa saplai. Umeme wa huko ni volti 120, wa Tanzania ni 230. Ikiandikwa 100–240, inabeba kote kuwili.

Orodha aiandike kijana mwenyewe, na kila kitu akitetee kwa sentensi moja: kinafanya nini, na kwa nini cha bei hiyo? Mpwa wangu alikata feni za taa bila kuambiwa, akaweka tofauti kwenye SSD. Tulifunga mashine Jumapili mchana, na aliyetuongoza kwa simu ya video alikuwa mwanafunzi mwenzake wa darasani. Ikiwaka lakini picha zinakwamakwama, angalia kwanza waya wa skrini: uchomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao mama.

Tunzeni risiti. Hapa Uingereza ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili nia tangu upokee mzigo, na kitu kibovu unaweza kukirudisha ndani ya siku 30 ukarudishiwa pesa yako yote. Kwa hiyo msinunue vipande leo mkavifunga baada ya miezi miwili. Vikifika vyote, fungeni wiki hiyo hiyo, mjaribu kila kimoja.

Tukutane toleo lijalo, na wikendi njema kwa wasio na zamu.