Ubalozi na Gunia la Mkulima

Kila mara viongozi wetu wanaposafiri kwenda nchi za nje, au wanapopokea wageni na kutia sahihi mikataba mbele ya wapiga picha, mfanyakazi wa Shirimatunda huuliza swali ambalo ni haki yake kuliuliza. Je, safari hizi zaongeza biashara yetu na mataifa mengine? Zaleta wenye mitaji waje kujenga na kuajiri? Au ni gharama tu iliyowekwa juu ya mgongo wa mlipa kodi? Swali hili si la uchochezi wala si la utovu wa adabu. Mwenye kulipa karo ana haki ya kujua mtoto amejifunza nini.

Sisi twaonelea kwamba jibu lake haliko katika hotuba za karamuni. Liko katika mambo yaliyokwisha kutokea hapa hapa, kandokando ya mlima wetu.

Tuanze na Holili, mpakani, ambako mtu wa Moshi hufika kwa mwendo mfupi wa gari kupitia Himo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika, na mwezi Februari mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Kwa zaidi ya miaka sita, soko la Taveta, ambalo mkulima wa Himo aweza kulifikia asubuhi na kurudi kabla ya jua kuchwa, likawa kama liko ng'ambo ya bahari. Migomba haikuacha kuzaa, na wanunuzi wa upande wa pili hawakuacha kula. Kilichokosekana kilikuwa ni serikali kukaa kwenye meza moja na kusikilizana. Biashara nayo haikufa, bali iligeuka magendo, ikapita usiku vichochoroni, na Hazina isipate hata senti. Mpaka ulifunguliwa tena kwa mazungumzo, ambayo Dakta Victor Umbricht wa Uswisi alikuwa msuluhishi wake katika ugawaji wa mali ya Jumuiya, na mapatano yake yakatiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984. Anayesema kwamba ubalozi ni maneno matupu na aikumbuke miaka hiyo.

Tuje karibu zaidi. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu pamoja na ya Uganda, ikisema kuwa yana sumukuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: kila shehena iwe na cheti, na sumu hiyo isizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni. Hata hivyo mahindi yaliendelea kukwama. Mwezi Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, akazungumza na Rais Uhuru Kenyatta, na ikaamriwa kwamba mahindi yaliyokwama mpakani yashughulikiwe yapite. Kwa hesabu za Kenya, thamani ya bidhaa ilizonunua kwetu mwaka 2021 ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya 2020. Hatusemi kwamba ongezeko lote lilitokana na ziara moja. Mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa maradhi ya korona, na mwaka 2021 ukame uliipiga Kenya. Lakini njaa ya jirani haimnufaishi muuzaji ambaye lori lake limezuiwa getini.

Hata hivyo yatupasa kuona mpaka wa nguvu za ubalozi. Rais aweza kuomba njia ifunguliwe, lakini hawezi kuanika mahindi ya mtu. Sumukuvu huingia katika punje iliyovunwa mbichi na kurundikwa chini penye unyevu. Dawa yake ni turubai, ni kichanja, ni ghala kavu, na ni mpimaji aliye karibu na mkulima. Nchi yenye mabalozi hodari na maghala mabovu itafunguliwa mlango leo, kesho itafungiwa.

Somo la pili latoka katika kahawa, zao lililosomesha watoto wa vihamba vyetu. Mwaka 1962 nchi zinazolima na nchi zinazonunua zilifanya Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa. Chini yake, kila nchi yenye kuuza iliwekewa mgawo ili soko lisifurike na bei isianguke. Huo ulikuwa ubalozi uliomfikia mkulima kwa fedha taslimu. Mwezi Julai 1989 migawo hiyo ilisimamishwa kwa kuwa wanachama walishindwa kuelewana. Kufikia mwaka 1992 wastani wa bei ya dunia ulikuwa umeshuka chini ya nusu ya ule wa 1988. Udongo wa Kilimanjaro ulikuwa ule ule, na mibuni ilikuwa ile ile. Mapatano ndiyo yaliyovunjika, na wengi wakaing'oa mibuni wakapanda mazao mengine.

Tena kuna jambo ambalo mwananchi wa kawaida hajaambiwa vya kutosha. Huko Japani jina la Kilimanjaro ni maarufu katika maduka ya kahawa. Kwa kanuni za wafanya biashara wa huko, jina hilo laweza kubandikwa kwenye arabika iliyolimwa popote Tanzania isipokuwa ya Bukoba, na hata kwenye mchanganyiko, mradi walau asilimia 30 iwe ni kahawa hiyo. Jina la mlima wetu lina thamani huko; lakini sehemu kubwa ya kahawa yetu yasafirishwa ikiwa mbichi, na faida ya kuikaanga na kuifunga yabaki kwa wengine. Kazi ya balozi wetu isiwe kunywa kahawa hiyo tu na kuisifu. Iwe ni kutafuta mnunuzi wa kahawa iliyokaangwa Moshi, na mwenye mtaji wa kuja kuikaanga pamoja nasi.

Kuhusu mitaji kutoka nje, mfano tunao Chekereni. Urafiki wetu na Japani ulizaa mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini uliokamilika mwaka 1987, ukiwa na mifereji ya kumwagilia mashamba ya mpunga yapatayo hekta 1,100. Mavuno kwa hekta yaliongezeka sana. Lakini wakulima wa sehemu za juu walipouona mpunga ule, nao walianza kulima na kuyachota maji ya mto Rau kabla hayajafika mradini. Eneo lililolimwa likapungua. Serikali mbili zilielewana, ila majirani wa mto mmoja hawakuwa wamekwisha kuelewana. Hakuna balozi wa Tokyo awezaye kutugawia maji yetu.

Wala tusidhani kwamba ubalozi ni kupiga magoti. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Taifa lililipa bei ya kusimamia neno lake, na uhusiano ukarudi mwaka 1968. Twahitaji biashara, lakini hatuhitaji biashara ya kuuza utu.

Basi jibu letu kwa mfanyakazi wa Shirimatunda ni hili: naam, ubalozi huongeza biashara na mitaji, pale unapolenga kitu kinachojulikana, kama geti, mgawo, mfereji au kiwanda, na pale nyumbani tunapokuwa tayari kukipokea. Usipokuwa hivyo, ni picha za ukutani.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa biashara uelezwe kwa Kiswahili chepesi katika mikutano ya kata na katika vyama vya ushirika, ili mkulima ajue ameahidiwa nini na ameahidi nini. Pili, kila ubalozi utoe hesabu kila mwaka: bidhaa zipi zimepata soko, na mwenye mtaji yupi amekuja kweli, si aliyeahidi tu. Tatu, fedha za vipimo, maghala na viwanda zitengwe sambamba na fedha za safari.

Balozi hufungua mlango. Mwenye kupita na gunia begani ni mkulima, na mwenye kulijaza ni mfanyakazi. Asiulizwe mmoja wao peke yake kwa nini gunia halikufika.