Jina Ndilo, Gari Silo

Kwa karibu miaka 70, walimu, wauguzi, mabwana shamba na madereva wa porini waliijengea Land Rover heshima ambayo hakuna tangazo linaloweza kuinunua. Mwaka 2019 kampuni ikaichukua heshima hiyo yote, ikalivisha gari la watu wa mjini, ikaliita Defender. Nalipinga jambo hilo waziwazi. Gari jipya si mrithi wa lile la zamani, na wanaotuambia kuwa ni mrithi wanatuuzia jina.

Tulitendee haki kwanza, maana hoja yangu haihitaji uongo. Defender mpya, iliyoonyeshwa Frankfurt Septemba 2019 na kuundwa Nitra, Slovakia, inaishinda ya zamani karibu kwa kila kipimo cha kitabuni. Ikiwa na springi za hewa inavuka maji ya kina cha sentimita 90. Ya zamani kiwanda kiliipa sentimita 50. Kila gurudumu limefungwa kwa kujitegemea, gia 8 zinajibadili zenyewe, na kwenye matope kompyuta ndiyo inayoamua gurudumu lipi lipewe nguvu. Dereva wa wiki moja atapanda nayo mlima ambao kwenye ile ya zamani ulihitaji mtu wa miaka kumi. Na usalama? Hapo hakuna ubishi. Ya zamani ilivujisha mvua miguuni, ilipiga kelele mpaka watu wasisikilizane, na matoleo mengi yaliondoka kiwandani bila mfuko hata mmoja wa hewa. Mwenye kulilia hayo yarudi hajawahi kusafiri nayo kutoka Mpanda hadi Tabora masika.

Basi ugomvi uko wapi? Uko kwenye kipimo chenyewe. Waandishi wa magari wa Ulaya hulipima gari likiwa jipya, kiwandani wamelijaza mafuta, fundi wa kampuni yuko nyuma yao na gari la akiba. Sisi hatukutani na gari namna hiyo. Gari la kazi huku kwetu huanzia wizarani, kwenye mradi wa wafadhili au kwa kampuni ya watalii. Likichoka linauzwa kwa mnada, analinunua mfanyabiashara. Naye akilichoka linakwenda kwa mkulima wa Sumbawanga au mfugaji wa Simanjiro, na hapo ndipo maisha yake ya kweli yanapoanza: magunia juu, mbuzi nyuma, mama mjamzito mbele usiku wa manane. Huyo mmiliki wa tatu, mwaka wa ishirini, ndiye mwamuzi. Gari la porini lipimwe mikononi mwake.

Ya zamani ilifaulu mtihani huo kwa sababu ilizaliwa katika dhiki. Mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, aliyekuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, alitaka gari la kulimia na kubebea mzigo. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha bati kilikuwa kikigawiwa kwa mgao, ndiyo maana bodi ikaundwa kwa aloi ya aluminiamu. Chesesi ikaunganishwa kwa vibao vya chuma bapa vilivyochomelewa vikawa boksi. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa Amsterdam. Waliolibuni hawakuwa na mashine kubwa wala fedha nyingi, kwa hiyo kila walichokifunga, mtu mwingine asiye na mashine kubwa wala fedha nyingi angeweza kukifungua. Likaja la mwaka 1958, la 1971, One Ten ya 1983, jina la Defender mwaka 1990, na mpaka la mwisho linatoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, zaidi ya magari milioni 2 yalikuwa yameundwa kwa fikra hiyohiyo.

Tutazame ugonjwa mmoja tu, ule ambao kila dereva wa Land Rover anaujua: kukatika kwa hafushafti ya nyuma. Upo katikati ya pori, mzigo umezidi, unasikia mlio mmoja mkavu na gari halisogei. Unashuka na spana. Uzito wa gari umebebwa na habu yenyewe, shafti kazi yake ni kuzungusha tu, kwa hiyo huhitaji hata kulipandisha jeki. Unafungua boliti za kwenye habu, unaivuta shafti nje kwa mkono, unakichokonoa kipande kilichobaki ndani, unaingiza nyingine. Huna nyingine? Kama ni One Ten unafunga difu ya kati, na magurudumu ya mbele yanakuvuta mpaka nyumbani. Hafushafti ilikatika mara nyingi, hilo ni kosa la muundo na sitaki kulipamba. Lakini walioliunda walikubali kwamba kitu kitakatika, wakampa dereva njia ya kutoka. Huo ndio uungwana wa gari la porini.

Sasa nenda kwenye ile mpya. Haina chesesi ya kujitegemea. Bodi na chesesi ni kitu kimoja cha aluminiamu. Kampuni ilijisifu kuwa ni ngumu mara 3 kuliko magari bora yaliyokalia chesesi, na mimi naiamini. Ila siku ikipinda au ikipata ufa kwenye makorongo ya Loliondo, nani ataichomelea? Chuma cha chesesi ya zamani kilichomelewa na kijana yeyote mwenye jenereta na miwani myeusi chini ya mwembe. Aluminiamu ya namna hii inataka mashine yake, mtaalamu wake na vifaa vya kuipima mpaka irudi kwenye mstari. Springi za hewa nazo zina pampu, vali, mifuko ya mpira na sensa za kupima urefu. Kimoja kikigoma gari linalala chini, na kina chote kile cha sentimita 90 kinabaki kwenye karatasi. Kisha kuna kompyuta. Kwenye magari ya kisasa vifaa vingi vya elektroniki havikubali kufungwa tu kama kipuri. Lazima vitambulishwe kwa gari kwa programu ya kiwandani. Maana yake ni kwamba fundi aliyesoma gari hili maisha yake yote kwa mikono na masikio anaambiwa akae pembeni, si kwa sababu hajui, ni kwa sababu hajapewa ufunguo. Hilo linaniudhi kuliko mengine yote.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipofurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa dawa iliyoitwa kikombe cha Babu, walifikaje? Njia ilikuwa vumbi, mawe na mchanga, na waliobeba wagonjwa kwa nauli walikuwa Land Rover na Land Cruiser kuukuu. Maralal, kaskazini ya Kenya, Land Rover za zamani zimekuwa usafiri wa abiria kwa miongo. Maneybhanjang nchini India, Land Rover za miaka ya 1950 zimeendelea kupandisha watu milimani hadi Sandakphu karne hii tuliyomo. Na Oktoba 2024, tamasha la Land Rover lilipoijaza Arusha, watu walikuja na magari yaliyowazidi umri, yanawaka, yanatembea. Nioneshe fundi atakayeapa kuwa Defender za Nitra zitafika Samunge na abiria mwaka 2045.

Watetezi wana jibu tayari: sheria za Ulaya za moshi na usalama ndizo zilizoiua ya zamani, kampuni ifanyeje? Ni kweli sheria zilichangia. Lakini sheria haikuamuru skrini ichukue nafasi ya swichi, haikuamuru springi za hewa, haikuamuru gia za mkono zifutwe kabisa. Suzuki waliitoa Jimny mpya mwaka 2018 ikiwa na chesesi ya chuma, eksili nzima mbele na nyuma, na kijiti cha kuingizia fowili, wakaiuza Ulaya. Toyota wanaendelea kuunda Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, hii tunayoiita mkonga, na wanaiuza kwa nchi zinazoihitaji hata kama Ulaya haiwezi kuandikishwa. Tazama gari lililoegeshwa nje ya ofisi ya shirika lolote la misaada kuanzia Kigoma hadi Goma, utajua nani aliirithi kazi ya Land Rover. Kampuni ilikuwa na njia. Ilichagua wateja wengine.

Na ushahidi kuwa ilijua thamani ya ilichokiacha uko kwenye orodha yake ya bei. Mwaka 2018, miaka miwili baada ya kufunga mstari wa Solihull, kampuni hiyohiyo ilitangaza kuzifufua Defender za zamani zisizozidi 150, ikazitia injini za V8 na kuziuza kuanzia pauni 150,000 kila moja. Gari la mkulima likawa kito cha tajiri. Ile mpya ilipoingia sokoni Uingereza ilianzia zaidi ya pauni 40,000. Mtu mwenye fedha zake akaitaka kwa raha zake, ainunue. Ni gari zuri la kusafiria na simwonei kijicho. Tulishazoea mashangingi, hili ni shangingi jingine. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba shangingi hili ni trekta.

Sidai kiwanda kirudi 1948. Mfuko wa hewa na breki nzuri vinaokoa maisha, vibaki. Nadai gari la porini liweze kufunguliwa na mtu aliye porini, na hilo linawezekana hata kwenye zama za kompyuta. Wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari wawape wenye magari na gereji huru taarifa na programu walizonazo mawakala wao. Umoja wa Ulaya nao unawataka watengenezaji wazitoe taarifa za matengenezo kwa mafundi wasio wa kampuni. Mzungu mwenye gereji tano mtaani kwake analindwa na sheria. Fundi wa Namanga mwenye gari moja la kuokoa tarafa nzima anaambiwa asubiri wakala.

Kwa hiyo nasema na ninyi mnaosaini manunuzi: wakurugenzi wa halmashauri, wakuu wa hifadhi, waganga wakuu wa wilaya, mameneja wa miradi. Mnaponunua gari la kazi kwa fedha ya umma, msilitazame linavyopanda mawe kwenye video. Andikeni ndani ya zabuni kwamba muuzaji akabidhi vitabu vya matengenezo, mashine ya kusomea hitilafu pamoja na leseni yake, na ahadi ya vipuri kwa miaka 20, na kwamba mafundi wenu wa wilaya wafundishwe kabla gari halijatoka bandarini. Akikataa, hata kama gari lake lina jina la Defender, mrudishieni makabrasha yake.